Rafiki yangu ana selimundu, na anataka kupanda Kilimanjaro bila kusema

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 31, mhasibu, naishi Dar es Salaam. Nina jambo linaloninyima usingizi wiki ya pili sasa, na sina wa kumwambia kwa sababu jambo lenyewe ni siri ya mtu.

Tuko marafiki saba. Tulisoma pamoja sekondari ya bweni na hatujaachana mpaka leo: harusi tupo, misiba tupo, mtoto wa mmoja wetu akizaliwa wote tunakwenda. Mwaka jana mwenzetu mmoja alileta wazo tupande Mlima Kilimanjaro, tuchangishe fedha kwa ajili ya watoto wenye selimundu ambao wazazi wao hawamudu dawa na vipimo. Huyo aliyeleta wazo nimwite Baraka, ingawa si jina lake. Baraka mwenyewe ana selimundu. Kati yetu saba, anayejua ni mimi tu.

Nilijua tukiwa kidato cha pili. Nilikuwa kiranja wa afya, na usiku mmoja matroni aliniamsha nikamsaidie kwenye chumba cha wagonjwa. Nikamkuta Baraka ameletwa na wenzake wawili, amejikunja, ameuma pindo la shuka ili asipige kelele. Nilimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana. Aliporudi aliniomba nisimwambie mtu, nikaahidi. Darasa zima liliambiwa ni malaria. Miaka 16 sasa, kila akipotea wiki moja au mbili, mimi ndiye ninayewaambia wenzetu kwamba ni malaria.

Mdogo wake wa kike alikuwa na ugonjwa huo huo. Alifariki akiwa darasa la tano.

Mpango wetu ni huu: watu wanaahidi shilingi kwa kila mita ya mlima. Ukiahidi shilingi 10, tukifika kileleni, mita 5,895, unatoa 58,950. Gharama za kupanda kila mtu anajilipia mfukoni mwake, na michango ya watoto ina akaunti yake. Mratibu ni mimi. Ahadi zilizoandikwa zimepita milioni 14. Tumechagua njia ya Marangu, siku tano, kwa sababu ndiyo tuliyoimudu.

Mwezi uliopita tulikwenda kufanya mazoezi Morogoro. Tulipanda treni ya SGR ya alfajiri, tukaanza kupanda Uluguru kuelekea Morningside. Katikati ya njia nikaona Baraka hayupo. Nikarudi, nikamkuta amekaa juu ya jiwe, amevua viatu, anajikanda miundi kwa mikono miwili. Midomo imemkauka na macho yana manjano. Akaniambia viatu vinambana. Wenzetu waliporudi kumtafuta aliinuka, akatania, akapanda mpaka mwisho. Jumatatu hakwenda kazini, na mimi nikasema ni malaria.

Sasa kampuni ya utalii imetuletea fomu za afya. Kuna swali: una ugonjwa wowote wa damu, moyo au mapafu? Baraka ameweka alama ya vema kwenye HAPANA. Nilimpigia usiku ule ule. Hakukasirika. Alisema, “Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuchangiwa. Nikiongezewa damu, watu wanachanga. Nikilazwa, watu wanachanga. Mara hii moja niache niwe mimi ninayechanga.” Anasema amejipanga: atakunywa maji mengi, atameza Daimoksi, ile dawa ya kuzoea mwinuko, dawa zake za kila siku anazo, na waongozaji wana mtungi wa oksijeni. Kisha akasema, nikimtaja, mimi na yeye basi.

Fomu zote saba ziko kwenye mkoba wangu. Kampuni inazitaka Ijumaa ijayo. Nikisema, nimevunja ahadi ya miaka 16 na nimempoteza rafiki. Nikinyamaza, naogopa nitampoteza kwa namna nyingine. Na watu walioahidi fedha, tukienda bila yeye, tutawaambia nini?

Nisaidie Shangazi.

Mtunza Siri, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nakujibu kama shangazi, na nakujibu kama muuguzi, maana kabla ya kustaafu nilikaa wodi ya watoto miaka mingi. Sasa naishi Moshi. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, mlima huo nauona nikiwa jikoni.

Fomu ya Baraka usiipeleke ilivyo. Hilo nalitanguliza ili usisome barua yote ukitafuta mahali nitakapokuruhusu. Hapapo.

Jina la ugonjwa lenyewe linajieleza: seli zenye umbo la mundu. Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa ni ya mviringo na laini, inapenya hata kwenye mishipa midogo kabisa. Ya mwenye selimundu, ikikosa oksijeni, inakakamaa na kujipinda kama mundu. Zikijipinda nyingi zinashikana na kuziba njia, na sehemu iliyo mbele ya kizibo inakosa damu. Ndiyo yale maumivu yaliyomfanya aume shuka. Zikiziba kwenye mapafu, kifua kinabana na pumzi inakata. Zikiziba kwenye ubongo ni kiharusi, hata kwa kijana.

Wodini kila mama niliyemruhusu kwenda nyumbani na mtoto wake nilimwambia maneno yale yale: mkinge na baridi, asishikwe na kiu, asichoke kupita kiasi, na akianza kupumua kwa shida mlete hapo hapo. Sasa fikiria usiku wa kwenda kileleni. Mnatoka kibanda cha Kibo, kama mita 4,700, karibu saa sita usiku. Baridi iko chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, mpaka maji yanaganda kwenye chupa. Hamu ya kunywa inapotea, huku mwili unapoteza maji kwa kila pumzi. Mnapanda changarawe inayoteleza kwa saa tano au sita kabla ya kufika hata Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na kilele chenyewe, Uhuru, bado kiko mbele. Na huko juu, kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Dar es Salaam. Kila kitu nilichowakataza akina mama, mlima unakitoa kwa usiku mmoja, kwa pamoja, mahali ambapo hospitali iko mbali sana.

Hayo maandalizi yake nayajua, na najua ameyafikiria kwa dhati. Lakini Daimoksi inausaidia mwili wa mtu kuzoea mwinuko, haizuii chembe kujipinda. Tena inakojoza, na mwenye selimundu maji ya mwili ndiyo kinga yake. Mtungi wa oksijeni wa waongozaji ni wa dharura, wa kumshusha mtu aliyezidiwa. Hakuna anayepanda nao puani siku nzima. Dawa zake za kila siku aendelee nazo, zimemfikisha miaka 31 na Mungu ashukuriwe, ila hazikutengenezwa kumpeleka mita 5,895. Amekuonyesha hali yake pale Uluguru, kwenye mwinuko ambao watu wengine wanapanda asubuhi na kurudi mjini mchana.

Usije ukajaribu kupatana naye kwa kusema basi aishie Mandara, kibanda cha kwanza. Mandara ni mita 2,720, na kwa mwenye selimundu huo tayari ni mwinuko wa kuogopwa. Kiwango chake akiseme daktari anayemtibu, aliye na faili lake mezani. Wewe usikiseme, na mimi sikisemi.

Kuna watu wengine pia katika safari hii ambao hukuwataja. Mtu akizidiwa juu ya Kibo usiku, anayembeba ni mgumu. Hivyo ndivyo wapagazi wa huku wanavyojiita, wagumu, na jina wamelistahili. Wanne au zaidi wanaikimbiza machela gizani kwenye mawe, nao wana watoto nyumbani. Helikopta ipo, ila haitui popote wala katika hali yoyote ya hewa. Mwongozaji akijua mapema hali ya mtu anaweza kukataa kumpandisha. Asipojua, anadhani ni kichwa cha kawaida cha mlimani, anamwambia apumzike kidogo, na dakika zinapita. Ile alama kwenye HAPANA inamfumba macho mtu ambaye kazi yake ni kuwarudisha nyumbani nyote saba.

Sasa ahadi yako. Uliitoa ukiwa na miaka 15, kwa kijana aliyekuwa anaogopa kuchekwa bwenini. Umeitunza vizuri, na sioni kosa kwako kwa miaka yote hiyo. Lakini alichokuomba wakati ule ni kumfichia aibu, na anachokuomba sasa ni kumfichia hatari. Hukuahidi hilo hata siku moja.

Hata hivyo usimzunguke. Usipige simu kampuni leo kisha yeye akasikia kwao. Usiguse grupu la WhatsApp, na wale watano wengine usiwadokezee hata kwa nia njema. Nenda kwake. Nenda mwenyewe, jioni, si kwa simu, na fomu yake uwe nayo. Mwambie: “Fomu hii sitaipeleka. Nimekuja kukwambia wewe kwanza, kabla sijamwambia mtu yeyote, na sitawaambia wenzetu ugonjwa wako, hilo ni lako. Twende wote kliniki yako wiki hii, umuulize daktari mwenyewe, nitakaa nje ukitaka.” Kisha nyamaza. Atasema mengi, mengine yatakuuma. Usijitetee. Mtu aliyemzika mdogo wake kwa ugonjwa alionao yeye mwenyewe anayo haki ya kukasirika, na wewe ndiye uliye karibu.

Akikataa kliniki, fomu yake bado haiendi. Siku ya Ijumaa unapeleka sita na kuiambia kampuni kwamba wa saba hapandi. Hawana haja ya kujua zaidi. Akienda kuwapelekea fomu ya uongo kwa mkono wake, hapo utawaambia waongozaji ukweli, na mwambie tangu leo kwamba utafanya hivyo, asije akasema hakujua. Huenda akakununia mwezi, huenda mwaka. Nimewaona watu waliokaa bila kusemeshana miaka miwili wakarudiana kwenye msiba wa mzazi. Ubaya wa Kibo ni kwamba hakuna nafasi ya kurudiana.

Nikuambie kitu ambacho kimenigusa kuliko vyote katika barua yako. Ni yale maneno yake ya kuchoka kuchangiwa. Mwanangu, huyo mtu hana kichaa cha mlima. Anataka kuhesabika. Ukimwambia tu “usipande” ukaishia hapo, umemrudisha kitandani alikotoroka. Kwa hiyo usimtafutie kazi ya kumfariji, kushika bango getini au kupiga picha. Muulize yeye. Wazo lilikuwa lake, basi fedha ziwe zake: yeye ndiye akae na kliniki kuamua shilingi ngapi ziende kwenye dawa, ngapi kwenye vipimo, na watoto gani waanze. Iwapo siku moja atataka kusimama mwenyewe na kusema “mimi nina selimundu na nina miaka 31”, ninyi mtakuwa mmepata kitu ambacho kilele hakiwezi kuwapa. Kina mama wengi niliowahudumia hawakuwahi kumwona mtu mzima mwenye ugonjwa wa watoto wao. Walidhani hawafiki. Lakini aseme kwa hiari yake, usimsukume hata kidogo.

Na hili la watu kushiriki kwa namna tofauti si geni hapa kwetu. Kuna Kili Challenge ya mgodi wa dhahabu wa Geita, ambayo tangu 2002 inachangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Wapo wanaopanda mlima, na wapo wanaouzunguka kwa baiskeli huku chini. Wote wanahesabiwa.

Nije kwenye ahadi za fedha, maana hapo mna tatizo hata kama Baraka asingekuwepo. Ule utaratibu wa shilingi kwa mita unavutia kwenye karatasi, lakini utazame ukiwa Horombo, kibanda cha pili, na kichwa kinapasuka. Aliyeahidi shilingi 10, mkiishia Horombo, mita 3,720, anatoa 37,200. Mkifika juu anatoa 58,950. Maana yake mmetia bei kwenye kila hatua ambayo mgonjwa anajilazimisha. Mmoja wenu atatapika mara mbili, atahesabu dawa za watoto ngapi zitapotea akigeuka, na hatasema. Nawajua watu wazuri, ndivyo wanavyoumia. Andikeni upya kabla ya safari: ahadi ya kila mtu ni kiasi kamili, mlima ufikiwe usifikiwe. Aliyeahidi kwa moyo hatabadilika. Wala kugeuka si haya. Hans Meyer, anayetajwa kwenye vitabu kama wa kwanza kufika kilele cha Kibo, alipanda 1887 akakwama kwenye barafu, akarudi chini. Alifika tarehe 6 Oktoba 1889.

Kuhusu Baraka kutopanda, wachangiaji hamna deni nao. Waambieni wanapanda sita na mmoja anasimamia fedha. Inatosha.

Halafu siku tano. Mwanangu, hapana. Kwa Marangu ongezeni siku ya sita. Tazama hesabu: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo karibu 4,700. Kila usiku mnalala juu zaidi kwa takriban mita 1,000, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku ya ziada mnakaa Horombo: asubuhi mnatembea kuelekea Mawenzi, kilele kingine cha mlima huo, mnafika juu kidogo, mnarudi kulala pale pale. Najua ni gharama. Ahirisheni miezi mitatu mjichange, watoto bado watahitaji dawa. Na mkiwa mnazungumza na kampuni, ulizeni wapagazi wao wanalipwa nini na wanakula nini, na kwamba mzigo wa mtu hauzidi kilo 20. Mnakwenda kusaidia watoto, msiwaumize baba zao wengine njiani.

Jambo la mwisho, na hili linakuhusu wewe na wale watano. Mmepima? Hapa Tanzania wenye vinasaba vya selimundu ni wengi, na wengi wao hawajui, kwa sababu hawaumwi. Mwenye vinasaba tu siye mgonjwa, na wengi hupanda wakashuka salama, lakini imewahi kutokea bandama ya mtu kama huyo ikaharibika kwenye mwinuko mkubwa. Akipata maumivu makali ubavu wa kushoto akiwa huko juu, anatakiwa ashushwe mara moja, na atalijua hilo iwapo tu alipima. Nendeni maabara wote sita. Mnachangisha kwa ajili ya ugonjwa huu, haifai muupande mlima bila kujua kama uko kwenye damu zenu pia. Tena kipimo hicho kitawasaidia wale ambao bado hawajaoa wala kuolewa.

Mkifika Moshi mnitafute kupitia gazeti. Nitapika mtori, na Baraka akitaka kubaki huku chini wakati ninyi mko juu, chumba kipo, kina joto, na maji ya kunywa nitamwekea kando ya kitanda.

Lakini hiyo ni baadaye. Leo jioni toa fomu yake kwenye mkoba, itenge na zile sita, upande daladala uende kwake.

Shangazi